Kabla familia haijauza mtumbwi

Hapa Baraka, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, mgonjwa wa tumbo haji peke yake. Anakuja na mke au mume, shemeji, mama mkwe, na mara nyingi mwana mkubwa ambaye ndiye mwenye kushika mfuko. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ya kila siku ni ekografi, kipimo ambacho wenzetu wa Kigoma hukiita utrasaundi. Nikishamaliza kupima, mgonjwa akajifunga kitenge na kutoka nje, yule mwana hubaki nyuma. Haulizi ugonjwa unaitwaje. Anauliza: "Mama Docta, tuambie ukweli, tuuze ama tubaki nayo?" Anazungumzia mtumbwi, pamoja na mashine yake na nyavu. Kwa mtu wa Lulenge atakuwa ng'ombe. Kwa mtu wa Mutambala, shamba la michikichi.

Swali hilo hilo ndilo wataalamu wa Maastricht, London na Shanghai wanalolitafutia jibu kwa kompyuta kubwa. Wanachukua picha za uvimbe wa umio, wa tumbo, wa utumbo mpana na wa ini, kisha wanaitaka mashine iseme: huyu ana nafasi ya kuishi miaka mitano, huyu hatamaliza mwaka, huyu dawa itamsaidia, yule itamtesa bure. Nasema waziwazi: utabiri wa namna hiyo sisi wa Fizi tunauhitaji kuliko wao. Na tunaweza kuuanza kwa vifaa tulivyo navyo, kwa sharti moja ambalo hospitali zetu bado hazijalitimiza: kuandika mwisho wa kila mgonjwa.

Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, na ni watu ninaowaheshimu. Wanasema mashine ya kutabiri nani atakufa ni anasa ya matajiri. Sisi kwanza tupate maji safi, kipindupindu kiishe, akina mama wajifungue salama. Kipindupindu nakijua, Baraka hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu. Lakini hesabu yao imekaa kichwa chini. Tajiri wa Brussels asipoambiwa ukweli kuhusu kansa yake, anapoteza muda na sehemu ya akiba, na bima inabeba kilichobaki. Mvuvi wa Ubwari asipoambiwa ukweli, watoto wake wanatolewa shuleni kabla maiti haijarudi.

Namkumbuka mmoja wao, baba wa watoto ambao bado ni wadogo. Alianza kwa kushindwa kumaliza sahani, kisha akawa anatapika chakula cha jana, akakonda mpaka suruali yake ya Jumapili ikawa haishiki kiunoni. Familia ikauza mtumbwi na mashine, ikapanda boti, ikapita Baraka bila kushuka, ikaenda mji mkubwa. Mji huo sitautaja, wala kliniki yenyewe. Huko alipigwa skana. Baada ya wiki kadhaa akapigwa skana nyingine. Katikati ya hizo mbili ilikuwa chupa za serumu, vitamini na risiti. Hakuna aliyewakalisha chini akawaambia neno. Mjane alipokuja kwangu alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia, akaomba nimsomee tu, ajue. Nilizibandika filamu zote mbili kwenye kioo cha dirisha. Ini lilikuwa limejaa madoa ya mviringo, maji yamelizunguka, na ukuta wa tumbo ulikuwa umenenepa upande wa kutokea chakula. Filamu ya kwanza ilikuwa imeshasema yote, na ya pili iliyarudia tu. Shemeji yake akaniambia kwamba hata kabla ya safari marehemu alikuwa na kijivimbe kigumu juu ya mtulinga wa kushoto. Alama hiyo Mjerumani Rudolf Virchow aliiandika katika karne ya 19, na haitaki umeme. Inataka vidole viwili na mtu aliyefundishwa kuvitumia.

Fedha ya mtumbwi ule ingemlisha mjane na watoto muda mrefu. Na marehemu angefia kwake Ubwari, kati ya watu wake, akiwa na dawa ya maumivu. Hili ndilo jambo linalonifanya niandike.

Utabiri wa picha si uchawi, na inafaa msomaji aone unavyofanya kazi. Skana ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwana wa Johannesburg, ambaye hesabu za mashine hiyo alianza kuzifikiria akiwa mwanafizikia Cape Town. Kwenye picha ya skana kila doa la kijivu ni namba: maji ni 0, hewa ni 1,000 chini ya 0, mfupa uko juu sana. Daktari anatazama kivuli, kompyuta inatazama namba. Inapima umbo la uvimbe, ukingo wake, na jinsi namba zilivyochanganyika ndani yake, kwa kuwa uvimbe wenye sehemu zilizokufa na sehemu zenye damu nyingi mara nyingi ni mkali kuliko ule ulio sawasawa. Mwaka 2012 Philippe Lambin na wenzake wa Uholanzi waliipa kazi hiyo jina la radiomiki, na tangu hapo maandiko yake yamefurika.

Hata kabla ya kompyuta kuingia, picha ilikuwa imeanza kutabiri. Mwaka 2006 watafiti wa MERCURY, wakiwa na daktari wa picha Gina Brown wa Uingereza, walionyesha kwamba picha ya sumaku, IRM, ikipigwa kabla ya upasuaji wa kansa ya mwisho wa utumbo mpana, inaweza kusema mapema kama daktari atakata akakuta ukingo safi au ataacha kansa ndani. Mwenye ukingo wa mashaka akapewa mionzi kwanza. Na kwa uvimbe adimu wa ukuta wa tumbo uitwao GIST, picha ya PET iliweza kuonyesha ndani ya siku chache kama dawa ya imatinibu imeshika, wakati ukubwa wa uvimbe ulikuwa haujabadilika hata kidogo. Mgonjwa hakulazimika kusubiri miezi ili ajue kama anaugulia faida au hasara.

Fizi hatuna skana, wala IRM, sembuse PET. Tuna ekografi. Na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema mno, kwa sababu hawajui kwamba Afrika ilishawahi kutengeneza utabiri wa picha kwa kutumia ekografi peke yake, tena kwa ugonjwa ulio kwetu.

Ugonjwa huo ni kichocho cha tumbo. Watoto wa ziwani wanauokota wakioga na kuchota maji, minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yake yanasukumwa na damu mpaka ndani ya ini, na miaka baadaye ini linajaa makovu. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, Niger, wakakubaliana namna moja ya kusoma ini hilo kwa ekografi, na Shirika la Afya Duniani likakichapisha kitabu chao mwaka 2000. Wamepanga sura za ini kwa herufi, kutoka A mpaka F. A ni ini zima. B lina vitone vyeupe vilivyotawanyika, ambavyo bado ni vya mashaka. C lina vipete na vijibomba vyeupe. D weupe umeuzunguka mshipa mkuu unaoingia ini. E weupe umeanza kutanda mabaka, na F mabaka yamefika mpaka ukingoni. Unapima na upana wa mshipa huo, na bandama. Mwisho unajua ni nani aliye hatarini kutapika damu na ni nani atakayetosheka na vidonge. Muuguzi anaweza kujifunza haya. Mimi nilijifunza.

Mama mmoja aliletwa kwangu akitokea pwani ya kusini, upande wa Yungu. Tumbo lilikuwa limejaa, alikuwa ametapika damu, na nyumbani walishasema ni kansa. Walikuwa wamemhamishia kwenye chumba cha maombi, vyombo vyake vya kupikia vimeshagawanywa kwa binti zake. Niliweka sonda chini ya mbavu: vijibomba vyeupe ndani ya ini, bandama imeshuka karibu na kitovu, na uvimbe hakuna popote. Huyo hakuwa mtu wa kuagwa. Daktari wa hospitali alimpa prazikwanteli na dawa ya kupunguza msukumo kwenye mishipa ya umio ili isipasuke tena. Makovu hayakufutika, lakini mama huyo leo anauza ndagala, na vyombo alivirudisha vyote, hata sufuria ndogo aliyopewa mjukuu.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu utabiri una pande mbili. Picha inayosema "msiuze" inaokoa mtumbwi, na picha inayosema "hii si kansa" inaokoa mtu. Kichocho kinaweza hata kuotesha vinundu ndani ya utumbo mpana vinavyofanana na uvimbe mbaya, na kifua kikuu cha tumbo nacho hujifanya kansa mpaka mtaalamu akasita. Katika nchi yenye magonjwa haya yote, neno kansa likitamkwa bila picha ni hukumu ya kifo iliyotolewa na jirani.

Wala Niamey si kisa cha pekee. Katika miaka ya 1980 watu wa shirika la AMREF walibeba mashine ya ekografi mpaka Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako watu walikuwa wakiugua mifuko ya maji kwenye ini inayoletwa na mnyoo wa mbwa. Waliwapima wafugaji huko huko wanakochungia. Baadaye mifuko hiyo nayo ilipangwa kwa madaraja kufuatana na inavyoonekana kwenye picha: huu upasuliwe, huu upewe dawa, huu umeshakufa wenyewe, uachwe. Mashine za wakati ule zilikuwa nzito, zinahitaji jenereta. Leo kuna sonda inayochomekwa kwenye simu, na ya kwanza iliyovuma ilipoingia soko la Marekani iliuzwa karibu dola 2,000. Bado ni fedha nyingi kwa kituo cha afya cha Sebele au Kazimia, lakini ni bei ya pikipiki moja nzuri.

Sasa niseme ninachokiona, ili asiyekijua chumba cha ekografi asidhani nazungumza ndoto. Dirishani kuna pazia la kitenge, chini ya meza kuna betri ya sola. Namimina jeli, naweka sonda chini ya mbavu za kulia, naomba mgonjwa avute pumzi na aishike. Ini linashuka, kijivu laini. Kati ya ini na figo la kulia kuna mwanya, na ukiwa mweusi basi kuna maji. Ndani ya ini natafuta duara lenye ukingo mweusi na kiini cheupe. Nikilikuta, na yakiwa mengi, kuna kila dalili kwamba uvimbe ulioanzia pengine umeshahamia huko. Natazama njia za nyongo. Zikiwa zimepanuka mpaka zinaonekana sambamba na mishipa, mfereji wa chini umezibwa, na ndiyo maana macho ya mgonjwa ni ya njano. Kisha nashuka katikati ya tumbo. Huko naweza kukuta kitu chenye sura ya figo mahali ambapo Mungu hakuweka figo: ukingo mweusi mnene, katikati weupe. Huo ni ukuta wa tumbo au wa utumbo ulionenepa, na ule weupe ni hewa na chakula vinavyojipenyeza. Vitabu vinaiita alama ya figo la uongo.

Alama hizi hazihitaji kompyuta, na kila moja inabadilisha jibu la yule mwana mkubwa. Ini safi, maji hakuna, uvimbe unasogea mgonjwa akipumua: nendeni kwa daktari wa upasuaji, nendeni wiki hii, na kama hakuna njia nyingine uzeni. Ini limejaa madoa na maji yamezunguka: msiuze. Macho ya njano na ini safi: njia ipo, ingawa ni ndefu. Kuanzia 2018 wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Yale, wamekuwa wakifundisha madaktari wa Tanzania kuingiza mrija mwembamba kupitia ngozi wakiongozwa na picha, nyongo ikatoka, mgonjwa akaacha kujikuna usiku kucha. Hata asipopona, analala.

Sitaificha mipaka ya ekografi. Haitoi jina la uvimbe. Jina linatoka maabara, kwenye kipande cha nyama, na watu wa kukisoma kipande hicho ni wachache mno mkoani kwetu. Hewa inaizuia. Umio haionyeshi, na umio ni jambo zito kwetu, kwa maana Afrika Mashariki ina ukanda wa kansa ya umio unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda na Tanzania, ukashuka mpaka Malawi na Afrika Kusini. (Wanaokunywa chai inayounguza wajue: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha kansa hiyo.) Kwa umio unahitaji mgonjwa anywe dawa nyeupe ya bariamu apigwe radio, au aingizwe kamera. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, ilionyesha kwamba hata palipo na vifaa vichache, mgonjwa asiyemeza tena anaweza kuwekewa kibomba cha chuma kwenye umio akarudi kula. Wamewawekea wagonjwa mamia.

Nirudi kwenye kompyuta, maana najua siku moja mtu atatua Baraka na programu kwenye simu, atasema imefundishwa kutabiri kansa za tumbo, na atataka tuishangilie. Nitamwuliza ilifundishwa na picha za nani. Programu hizi zinajifunza kwa wagonjwa waliotangulia, na hao walikuwa wa hospitali za Ulaya, China na Amerika ya Kaskazini. Zinayumba hata zikihamishwa kutoka hospitali moja hadi jirani yake, kwa sababu skana ni tofauti na mipangilio ni tofauti. Sasa zikutane na ini la mtu wa Fizi lenye makovu ya kichocho, ambalo hazijawahi kuliona! Na kuna jambo kubwa zaidi. Mgonjwa aliyeifundisha programu alipasuliwa ndani ya wiki, akapewa dawa, akafuatwa nyumbani. Programu ikisema miaka mitano, inamaanisha miaka mitano ya mtu huyo. Huku kwetu anayeamua ni mto Mutambala ukijaa, ni kizuizi cha barabarani, ni boti iliyoahirishwa kwa upepo. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, na vita vilipofika Uvira Desemba mwaka huo, ile njia tuliyozoea ya kumpandisha mgonjwa kutoka Baraka mpaka hospitali kubwa za mkoa imekuwa hesabu nyingine kabisa. Hakuna picha ya tumbo inayoonyesha hilo.

Mwaka 2021 tume ya jarida la Lancet Oncology ilipiga hesabu ambayo kila kiongozi wa afya angepaswa kuibandika ofisini. Kwa aina 11 za kansa, zikiwemo za umio, tumbo, utumbo, ini na kongosho, walikadiria vifo milioni 76 duniani kati ya 2020 na 2030. Vipimo vya picha vikienezwa peke yake, vinazuia vifo milioni 2.46. Vikienezwa pamoja na tiba na ubora wa huduma, vinazuia milioni 9.55. Kwa hiyo nikidai picha nadai na daktari wa upasuaji, damu ya kuongezea na dawa, na sitakubali mtu achukue nusu ya maneno yangu akatuletea sanduku la mashine lenye utepe.

Tumeshayaona masanduku. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walifanya kazi Baraka tangu 2003, wakatibu kipindupindu, malaria na majeruhi wa vita. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2020 wakafunga kazi zao Fizi, na sijawalaumu. Lakini kila muuguzi wa hapa alijifunza kwamba kilichobaki mgeni akiondoka ni kile kilichoko kichwani mwa wenyeji na kwenye madaftari yao.

Madaftari hayo ndiyo yenye upungufu. Daftari langu, kama la mwenzangu wa Nundu au wa Fizi Centre, lina jina, umri, kijiji, alichokuja nacho, na nilichokiona. Safu ya mwisho imeandikwa "amepelekwa mbele". Hapo ndipo habari inapokatika. Alifika? Alipasuliwa? Aliishi? Hakuna anayeandika, kwa sababu fomu haina mahali pa kuandika, na hakuna mtu anayelipwa kupiga simu. Tunaweza kuona maini yenye madoa miaka yote, na bado mtu akituuliza "wenye madoa haya huku Fizi huishi muda gani?" tukose la kumjibu ila la kubahatisha. Wenzetu wa Ulaya hawakutushinda kwa kompyuta kwanza. Walitushinda kwa karani aliyeandika tarehe ya kifo karibu na namba ya picha.

Na karani huyo hahitaji mji mkubwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya akataka kujua unaishia wapi. Alituma maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali, akiuliza wauguzi na wamisionari kama wameuona. Ramani iliyotokana na maswali hayo ndiyo iliyowapeleka wanasayansi mpaka kwenye kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinachangia kansa ya binadamu. Mwaka 1965 Burkitt na mwenzake Michael Hutt walichapisha ramani ya kansa mbalimbali za Afrika Mashariki, umio na tumbo zikiwamo. Rejista ya kansa ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, ilivurugwa na miaka ya Amin na vita vilivyofuata, kisha ikainuliwa tena na inaendelea mpaka leo. Kazi hiyo yote ilianza kwa kalamu na uvumilivu.

Vita vyetu vinatufanyia ugumu wa pekee, kwa maana watu hawakai. Aliyepimwa leo Lulimba kesho yuko Misisi kwenye machimbo, mwingine kavuka kwenda kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa ndugu waliokimbilia huko tangu 1996, mwingine ni Mrundi wa kambi ya Lusenda. Ndiyo maana nasema namba moja ya simu haitoshi. Ziandikwe tatu: ya nyumba, ya jirani, na ya mchungaji, padri au shehe, kwa sababu hao ndio wanaojua nani amezikwa.

Kuna wanaoogopa kwamba utabiri utawakatisha watu tamaa. Uzoefu wangu ni tofauti. Kinachowakatisha tamaa ni kuachwa bila kitu baada ya kuambiwa. Ukimwambia mwana mkubwa "msiuze", lazima sentensi inayofuata iwe ya dawa ya maumivu, na hapo Fizi tunashindwa vibaya. Uganda walilitatua tatizo hili kwa njia rahisi. Hospice Africa, iliyoanzishwa Kampala na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilichanganya mofini ya maji ya kunywa kwa bei ndogo, na kufikia 2004 serikali ilikuwa imewaruhusu kisheria wauguzi waliofundishwa huduma hiyo kuiandika wenyewe. Muuguzi wa Uganda akiona ini lenye madoa ana kitu cha kutoa. Mimi ninatoa parasetamoli na tramadoli, ikiwepo, na naona aibu kwa niaba ya nchi yangu. Waziri wa afya Kinshasa ana uwezo wa kubadilisha hili kwa sahihi moja, na namwomba afanye hivyo kabla hajatutumia mashine yoyote.

Kwa upande wetu wa Fizi kuna la kufanya bila kumsubiri mtu. Nimechora karatasi moja, pande mbili. Upande wa kwanza ni wa ekografi: madoa kwenye ini, maji, njia za nyongo, unene wa ukuta wa tumbo au utumbo, herufi ya Niamey kutoka A mpaka F, kijivimbe juu ya mtulinga, uzito, na kama mgonjwa anameza. Upande wa pili una zile namba tatu za simu na visanduku vya mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na katika kila kimoja jibu ni fupi: anakula, amelala, au amefariki na tarehe yake. Chini kuna mstari wa kuandika alipelekwa wapi na alikuta nini huko. Gharama ni karatasi na yuniti za simu. Naiomba Divisheni ya Afya ya mkoa iipitie na iiruhusu rasmi, na vyuo vya ufundi wa tiba, ISTM, viwafundishe wanafunzi wao kuijaza. Kanda zetu za afya ni nne, Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe, na muuguzi yeyote wa huko anayepima matumbo aje achukue nakala. Anayeshika simu kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa asiwe yule yule anayepima, kwa sababu anayepima ana foleni mlangoni. Kwetu kazi hiyo ameikubali mwanafunzi mmoja wa uuguzi, na ameshaanza na majina ya Ubwari.